Siku moja maishani mwangu: Tanga mpaka Bweni kwa baiskeli, naenda kumuona shangazi

Saa 10 na nusu alfajiri nishaamka. Mimi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kiko Ngamiani, ila leo sifungui, leo naenda kwa shangazi yangu Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Watu wananiuliza kwanini nisipande gari nifike mapema, nawajibu gari linakufikisha tu, baiskeli inakupitisha kwa watu.

Mwezi wa saba huu, kusi inavuma, na ukitoka Tanga kwenda Pangani unaelekea kusini yani upepo unakula nao uso kwa uso njia nzima. Alfajiri unakuwa umetulia, ikifika saa 4 unaanza kukuonyesha kazi, ndo mana lazima utoke na giza.

Baiskeli niliiandaa jana usiku. Nimefungua ekseli ya nyuma nikaosha gololi na mafuta ya taa nikapaka grisi mpya, cheni nikaitia oili kidogo nikaifuta, breki nimebadilisha raba. Mzigo ni mchele kilo 10, doti ya kanga, majani ya chai, na spea zangu, tyubu moja, pampu, spana, msasa, solisheni yani gundi ya tyubu, na viraka. Nimegawa kwenye viroba viwili vinavyoning'inia pembeni ya keria, uzito sawa kulia na kushoto, nimefunga na mipira ya tyubu kuukuu. Mchele usiuweke juu ya keria jamani, ukikata kona baiskeli inakuyumbia, uzito ukae chini karibu na ekseli.

Saa 11 natoka. Mji umelala, adhana tu na wauza maandazi wanawasha majiko.

Saa 12 na robo hivi niko Tongoni, kama kilomita 17 kutoka mjini. Naswali kisha napumzika kidogo. Pale kuna magofu ya msikiti wa zamani na makaburi ya nguzo, mji uliokuwepo hata kabla Vasco da Gama hajapita pwani hii mwaka 1498. Kwenye makaburi bado unaona vishimo ambako walikuwa wanapachika vyombo vya kauri kutoka ng'ambo. Watu wa Tanga wengi hawajawahi kufika na ni karibu hivyo, inaniuma kwa kweli.

Baada ya hapo nakanyaga mdogo mdogo. Barabara hii zamani ilikuwa vumbi tupu na makorongo, baada ya mvua ya masika ilikuwa adhabu, kazi ya lami imebadilisha mambo mengi, ila lami nayo ina mwiba wake, pembeni pale wanapopita waendesha baiskeli ndipo vinapojikusanya vile vijiwaya vya tairi za malori zilizopasuka. Vidogo kama kucha ya mtoto, huvioni, unasikia tu baiskeli inakuwa nzito.

Saa 2 Kigombe. Chai ya rangi, mihogo ya kukaanga na kibua wa moto, wavuvi ndo wanarudi wanavuta mitumbwi. Bahari ya hapa iko ndani ya hifadhi ya silikanti iliyotangazwa 2009, yule samaki wa kale ambaye wazungu walidhani kaisha kabisa duniani, kumbe yupo kwenye maji yetu haya.

Nikiwa kwenye chai kapita dogo wa shule anasukuma baiskeli ya baba yake, tairi la mbele chini. Nikamwambia lete hapa mwanangu. Nikachomoa tyubu, nikaijaza, nikaomba karai la maji kwa mama wa mihogo, nikaizungusha polepole mpaka mapovu yakaanza kutoka sehemu moja, nikaweka alama. Nikakausha, nikapiga msasa mpaka mpira ukapoteza ule mng'ao, nikapaka solisheni halafu nikasubiri. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanabandika solisheni ikiwa mbichi. Ingoje mpaka ukigusa kwa kidole haikung'ang'anii sana, ndo ubandike kiraka ukandamize. Na kabla ya kurudisha tyubu nikapitisha vidole taratibu ndani ya tairi, kweli nikakuta waya bado umo, ningeuacha asingefika hata shuleni. Mama wa mihogo akakataa hela yangu ya chai, nikalazimisha akagoma kabisa.

Saa 3 na nusu naondoka na sasa kusi imeamka. Mashamba ya minazi na mikonge, upepo uso mzima, nainama kwenye usukani nashusha gia nasahau habari ya spidi. Hapa ukishindana na upepo magoti yanakwisha. Dafu moja njiani, basi.

Saa 6 kasoro Pangani mjini. Nikifika huwa napunguza mwendo kwa heshima, mji huu ndipo Wajerumani walipomnyonga Bushiri bin Salim tarehe 15 Desemba 1889 baada ya kuongoza vita vya kukataa utawala wao pwani. Naisukuma baiskeli kuingia kwenye pantoni, na mto huu maji yake yanatoka mbali mno, Kilimanjaro na Meru huko.

Saa 6 na nusu, "Hodi hodi!" "Karibu... weee! Ni wewe baba?" "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu, umekuja na hilo libaiskeli lako tena? Pole na jua!" Maji ya kuoga yako tayari sijui alijuaje. Chakula wali wa nazi, changu wa kupaka na mchicha, nimekula mpaka akacheka.

Alasiri tukakaa barazani akanipa habari za babu, baba yake, aliyekuja huku kama manamba, yani kibarua wa mkataba, kukata mkonge. Mkonge wenyewe ulianzia ng'ambo hii hii, Kikogwe, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893 ikabaki hai 62 tu, mashamba yote yakazaliwa hapo. Babu alikuwa akirudi mikono imechanika na miiba, shangazi akiwa mtoto ndo anamkanda kwa maji ya chumvi. Hii habari baba hakuwahi kunipa, na kwenye simu shangazi hawezi kuisema, inataka mkae.

Saa 11 jioni majirani washasikia fundi kaja, baiskeli nne uani, moja haina spoki sita. Nikafanya mpaka magharibi.

Saa 3 usiku nalala. Shangazi ameshapanga nazi mlangoni ati zote niende nazo Tanga, tumebishana, tumekubaliana nane, na papa mkavu.