Pasi ya Marehemu na Neno Taifa

Jirani yangu wa Mji wa Kale, Mombasa, mzee wa Kibohora (jamii ya Waislamu wenye asili ya India) aliyeuza vitambaa maisha yake yote, alinionyesha juzi pasi ya kusafiria ya marehemu baba yake. Jalada limechakaa, pembe zimeliwa na mende, lakini maandishi ya dhahabu yangali yakisomeka: Himaya ya India. Babake alizaliwa Karachi, mamake Jamnagar; ilipofika Agosti 1947, India ikagawanywa nchi mbili, wao wakiwa tayari wamehamia Mombasa, mji wa mume uliangukia Pakistan na wa mke India. Mzee akaniuliza, «Mwanangu, sisi taifa letu lilikuwa lipi?»

Swali hilo limenirudisha kwenye historia ya India jinsi ilivyoandikwa. Mwaka 1817 James Mill, mwanahistoria Mskoti ambaye hakuwahi kukanyaga India, aliigawa katika zama za Wahindu, za Waislamu na za Waingereza, na linalonisikitisha ni kwamba wengi katika wapinzani wa Mwingereza waliupokea mgawanyo huo kana kwamba waliubuni wao wenyewe. Mwaka 1909 Savarkar, mwanaharakati wa utaifa wa Kihindu, alivieleza vita vya 1857 dhidi ya utawala wa Waingereza kuwa vya uhuru, Wahindu na Waislamu wakipigana bega kwa bega. Kufikia 1923 alishikilia kwamba mwenyeji halisi ni yule ambaye India ni nchi ya mababu zake na pia nchi takatifu ya dini yake, na kwa kipimo hicho Mwislamu na Mkristo wakabaki nje. Nehru, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa India huru, alipokuwa amefungwa na Waingereza huko Ahmednagar, aliifananisha India na ukurasa ulioandikwa tabaka juu ya tabaka bila ya maandishi ya chini kufutika. Moyo wangu uko kwa Nehru, ingawa yeye pia alilitafuta taifa hilo katika karne ambazo watu wake hawakujiita hivyo.

Sisi wa Mvita, yaani Mombasa, hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa jambo hili. Mkilindini au Mtangana wa zamani alipotaja taifa lake alikusudia mojawapo ya Thenashara Taifa, yaani koo kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, jamaa yenye wazee wake na mitaa yake, wala si nchi yenye bendera na mpaka. Na Mhindi, kwa ndimi zetu, alikuwa yeyote aliyetoka Bara Hindi, awe Bohora au Ismailia, ambao ni Waislamu, au Banyani wa dini ya Kihindu.

Nilimjibu mzee kwamba siku pasi ile ilipogongwa muhuri, Pakistan haikuwapo, na India aliyoandikiwa babake ilikuwa ya mfalme wa Uingereza. Alinyamaza kitambo, akaifunga tena katika kitambaa cha hariri, akairudisha sandukuni.