Siku moja maishani mwangu: fuwele kwenye tone la C4

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inaniamsha. Ni ujumbe wa afande anayelinda maabara usiku: "Dokta, stima imerudi." Ndipo najua ilikuwa imekatika. Kwenye friza la nyuzi 80 chini ya sifuri mna protini ya miezi minane. Uji nauacha mezani.

Saa kumi na mbili niko ndani ya taksi, Bweyogerere kwenda mjini Kampala, na Jinja Road imeshafungana. Mdogo wangu ananipigia. Ana mimba ya miezi mitano, na jana kliniki wamempa Fansidar, dawa ya kuzuia malaria, tembe tatu, akazimeza mbele ya nesi.

"Kaka, si ndizo hizi unazochunguza?"

Karibu na hapo. Mimi nachunguza kile ambacho tembe hizo hukiwinda. Kimelea cha malaria hujipikia vitamini B9, yaani foleti. Binadamu hatuna jiko hilo. Sisi twaipata kwenye dodo, yaani mchicha, na maharage. Sulfadoksini iliyo katika tembe imefanana na kiungo kimoja cha mapishi hayo, basi kimeng'enya kiitwacho DHPS, protini inayoendesha upishi huo, huidaka kikidhani kimepata kitu, na upishi unakwama. Tatizo ni kwamba kimelea kimejifunza. Kwenye nafasi ya 540 ya kimeng'enya hicho, tofali moja la protini, lisini yenye chaji chanya, limegeuka glutameti yenye chaji hasi, na badiliko hilo limeenea sana Uganda. Hata hivyo wajawazito wanaendelea kupewa dawa, kwa sababu bado inasaidia watoto wasizaliwe na uzito mdogo. Nataka kuona kwa macho mfuko ule wa kimeng'enya umejipinda vipi. Bila fuwele ya protini hiyo ya kupiga eksirei, sioni kitu.

Saa mbili kasoro nafika. Friza linasoma 61 chini ya sifuri. Tumepona. Afande hakuufungua mlango wake hata mara moja, na hilo ndilo lililotuokoa.

Saa mbili na nusu mwanafunzi wangu anaita kutoka kwenye hadubini. Trei ina matone 96, kila moja dogo kuliko kichwa cha kiberiti, na ndani ya tone la C4, yaani safu ya C nambari 4, kuna vitu vinavyometa, vyenye kona kali. Anarukaruka. Namwambia atulie. Nimeshawahi kushangilia mapema, mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshampigia mama.

Tukiwa tunachora ramani ya tone hilo namsimulia habari za Dorothy Hodgkin, aliyefumbua umbo la vitamini B12 kwa eksirei mwaka 1956. Habari za Nobeli yake, mwaka 1964, zilimkuta Ghana. Leo, Afrika nzima haina sinkrotroni, mtambo mkubwa wa eksirei kali, hata moja. Fuwele zetu, zikipatikana, zitapanda ndege ndani ya naitrojeni ya kimiminika hadi Ulaya, nasi tutakesha tukiangalia picha zikiingia kupitia intaneti. Iwapo intaneti itakubali.

Saa nne hadi saa saba: kipindi cha mwaka wa pili, kisha fomu za kuagiza kemikali. Sina la kusema kuhusu fomu.

Saa saba, matoke na mchuzi wa karanga. Dodo pembeni.

Saa tisa tunaijaribu C4: ni protini au ni chumvi tu? Tunadondosha rangi ya bluu kidogo sana. Fuwele ya protini ina vijia vya maji, karibu nusu ya ujazo wake, kwa hiyo hunywa rangi. Chumvi haina pa kuipitisha. Tunasubiri saa nzima. Maji yamekuwa bluu, fuwele zimebaki nyeupe pe. Mwanafunzi anasema labda bado. Nampa sindano. Protini hupondeka kama jibini laini. Hii imelia "kra!", naye anainua uso.

"Chumvi, dokta."

Na kosa ni langu. Kimeng'enya hiki kinahitaji magnesiamu, nami nikaiweka kwenye bafa, yaani kiowevu cha kudhibiti asidi, ya fosfeti. Vimekutana humo vikaoana bila kutuuliza. Naandika kwenye daftari, kwa wino: C4, chumvi, bafa mbaya.

Saa kumi na mbili jioni tumebaki wawili kwenye mizani, tunapima HEPES, kemikali ya bafa mpya. Afande wa usiku anachungulia mlangoni, anauliza kama leo tutalala hapa. Gramu mbili bado.