Siku moja maishani mwangu: mwanga, ubongo na nikotini

Saa 1:30 asubuhi. Nashuka metro hapa Paris, natembea haraka hadi maabara. Nasomea uzamivu, nachunguza vipokezi vya nikotini kwenye ubongo, yaani protini za seli ambazo nikotini hunasa juu yake. Nimezaliwa Urambo, Tabora, katikati ya mabani ya kukaushia tumbaku, kwa hiyo swali la kwa nini mtu anashindwa kuacha sigara sikulitoa vitabuni.

Saa 2. Natengeneza maji ya chumvi na glukosi ya kutunzia vipande vya ubongo, huku yakipulizwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5.

Saa 3. Kukata. Wiki kadhaa zilizopita panya huyu alidungwa kirusi kisichozaliana, kilichobeba jeni ya kipokezi cha nikotini iliyobadilishwa mahali pamoja tu: asidi amino moja, yaani tofali moja la protini, imetolewa, ikawekwa nyingine iitwayo sisteini. Wembe unaotetemeka unakata vipande vyembamba, robo milimita tu. Mnyama ametoa uhai wake. Hakuna kipande kinachoachwa kiharibike.

Saa 5. Taa za kawaida zinazimwa, tunabaki na nyekundu ambayo haiisumbui molekuli yetu. Vipande vinalowekwa kwenye maji yenye molekuli hiyo. Upande mmoja wa molekuli hiyo hunasa kwenye ile sisteini, upande wa pili unafanana na asetilikolini, kemikali ya ubongo ambayo kipokezi hiki kiliumbiwa, na katikati kuna azobenzini, kiungo kinachobadili umbo kwa mwanga. Mwanga wa urujuani, nanomita 380 hivi, huikunja. Wa kijani huinyoosha. Ni kama mbuzi aliyefungwa kamba: ikikunjwa, kichwa kinafika mahali nikotini inapokaa na kuiziba njia, ikinyooshwa, hakifiki.

Saa 7 mchana. Hapa ndipo siku yangu ilipo. Chini ya hadubini natafuta seli ya dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na mvuto wa vitu kama nikotini, nasogeza bomba la kioo lenye ncha nyembamba kuliko unywele mpaka utando wa seli unabonyea. Navuta pumzi kidogo kwenye mrija. Ukinzani wa umeme unapanda, unavuka gigaomu moja, yaani omu bilioni moja: kioo na utando vimeshikana. Navuta tena, utando unapasuka, nimeingia.

Napuliza nikotini chini ya kijani: mstari wa umeme wa seli kwenye skrini unazama, maana vipokezi vimefunguka. Nawasha urujuani, napuliza kiasi kilekile: unazama kidogo tu. Narudisha kijani, unazama tena kama mwanzo. Seli ileile, nikotini ileile, kilichobadilika ni rangi ya mwanga. Kila mara moyo unanidunda.

Dawa ya kawaida ikishaingia mwilini husambaa, na hakuna wa kuirudisha. Optojenetiki nayo, mbinu ya kuongoza seli kwa mwanga kupitia protini za mwani, husukuma seli nzima iwake au inyamaze. Sisi tunagusa kipokezi kimoja ambacho seli yenyewe hukitumia kila siku, na tunaweza kukiachia. Njia ilifunguliwa Berkeley, California, mwaka 2004 kwa mlango wa potasiamu kwenye utando wa seli, kisha 2006 kwa kipokezi cha glutamati, kemikali nyingine ya ubongo. Mwaka 2018 watafiti wa hapa Paris waliweza kuzima na kurudisha mvuto wa nikotini kwa panya hai, kwa mwanga ulioletwa ndani ya ubongo kupitia uzi wa kioo.

Saa 10 jioni. Kikao na wanakemia. Urujuani haupenyi mbali kwenye tishu, kwa hiyo tunataka molekuli inayoitika rangi zinazokaribia nyekundu bila kupoteza kasi. Tunabishana mpaka ubao unajaa. Kwangu mimi hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote.

Saa 2 usiku. Mdogo wangu ananitumia ujumbe: "Kaka shikamoo. Hiyo taa yenu itamsaidia baba mdogo kuacha fegi?"

"Marahaba. Bado. Inahitaji jeni mpya na uzi ndani ya kichwa. Sasa hivi inatuonyesha ni kipokezi kipi, na sehemu gani ya ubongo. Mpeleke hospitali aulizie vareniklini, dawa ya kusaidia kuacha sigara. Inagusa kipokezi cha aina hiyohiyo, ila yenyewe inazunguka mwili mzima."

"Nitampeleka Jumatatu."