Siku Baba Alipoulizwa Kuhusu Usingizi

Mwaka 2004 tulimpeleka Baba hospitalini Mwanza kwa ajili ya masikio, wala hatukuwa na shaka nyingine. Tulikuwa tumezoea kupaza sauti tunapozungumza naye, naye alilalamikia mlio mwembamba, kama wa nyenje, usionyamaza hata usiku wa manane.

Daktari, kijana mpole aliyemwamkia kwanza, alimpima kisha akamuuliza kama aliwahi kufanya kazi penye kelele kubwa. Baba akajibu kwamba alikuwa mgambo aliyepelekwa kwenye mizinga wakati wa Vita vya Kagera, akavuka Kyaka, ambako majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamelivunja daraja, akapita Masaka na Lukaya mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Nyumbani miji hiyo aliitaja kwa majina tu, bila habari zake.

Daktari alieleza kwamba seli za sikio la ndani zinazopokea sauti zikishaharibiwa na mishindo hazioti tena. Nilidhani hapo ndipo mazungumzo yangeishia, lakini akaweka kalamu chini na kuuliza, "Na usingizi je, mzee?"

Baba alinyamaza, akamtazama Mama. Mama ndiye aliyesema kwamba mumewe hulala upande wa mlangoni, huamka ametota jasho akitaja watu asiowajua yeye, na kwamba presha yake haishuki ingawa dawa anameza. Daktari alisikiliza yote, kisha akasema kwamba mwili uliokaa vitani ukiwa macho muda mrefu unaweza kuendelea kuisubiri hatari miaka mingi baada ya amani, na kwamba kukosa usingizi kwa namna hiyo kunaumiza hata moyo na mishipa. Hayo, alisema, ni maradhi yanayotibika.

Baadaye nilisoma kwamba maradhi hayo ya kiwewe yaliingizwa kwa jina lake la sasa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, Baba akiwa amekwisha kurudi shambani. Inaniuma kufikiria mgambo wenzake waliorejea moja kwa moja kwenye majembe yao bila mtu wa kuwauliza swali jepesi kama lile.

Aliandikiwa kwenda kitengo cha masikio na kitengo cha afya ya akili. Nilitarajia angekikataa hiki cha pili. Alikubali, kwa sharti kwamba Mama aingie naye chumbani, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyasikia anayoyasema usingizini.