Sadaka Iliyorudishwa

Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alipoagiza pesa ambazo Rais William Ruto alitoa katika kanisa Katoliki la Soweto, huku Eastlands, zirudishwe, nilimshukuru Mungu kwa sauti nikiwa ndani ya matatu. Zilikuwa shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadre na 600,000 nyingine. Ahadi ya milioni 3 ikakataliwa pia.

Si kwamba sijui shida ya pesa kanisani. Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya pili, na sare zetu tulizinunua kwa kuchanga hamsini hamsini kila baada ya mazoezi. Mahali pengine kola tayari zimeanza kuchanika. Bado nazipenda kuliko zile ambazo mheshimiwa angetununulia, halafu Jumapili inayofuata apewe kipaza sauti.

Tumaini langu kwa kanisa la Kenya ni hili: liwe huru kiasi cha kusema ukweli mbele ya yeyote. Liliwahi kuwa hivyo. Mwaka 1992, akina mama waliodai wana wao waliofungwa kwa siasa walipopigwa pale Uhuru Park, wakiwa na mwanaharakati Wangari Maathai, walikimbilia All Saints Cathedral, kanisa kuu la Anglikana jijini Nairobi, na wakahifadhiwa humo karibu mwaka mzima. Hakuna aliyewauliza ni wa kabila gani wala dhehebu gani.

Wengi wetu tunaogopa kwamba tukitaja haki, umoja utavunjika. Mimi naona kinyume. Katika jumuiya yetu ndogo yumo mama ambaye kijana wake alipigwa na polisi kwenye maandamano ya Juni 2024 ya kupinga Mswada wa Fedha, akarudi nyumbani akichechemea. Yumo pia mke wa askari polisi. Wote wawili hukaa kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa jirani, magoti yakigusana, kwa sababu chumba ni kimoja na kitanda kimesogezwa ukutani. Wiki ile, huyo mke wa askari ndiye aliyempelekea kijana uji, akamkanda mguu kwa maji ya chumvi. Undugu tunao, namshukuru Mungu kwa huo. Ila hadi leo katika maombi yetu tunasema tu "wagonjwa wote", kana kwamba kijana yule alishikwa na malaria.

Nabii Amosi aliwaambia watu wa Israeli kwamba Mungu amechoshwa na nyimbo zao kwa sababu haki haipo. Maneno hayo yananichoma mimi mwanakwaya.

Jumuiya ikikutana kwangu Jumanne, nitaomba tuiandikie kamati ya Haki na Amani ya parokia, wamsindikize kijana hadi IPOA, mamlaka huru inayochunguza malalamiko dhidi ya polisi, akaandikishe malalamiko yake. Nimeshamwambia mke wa askari, asije akashtukia jambo hilo kikaoni. Amesema yeye atatia sahihi.