Januari ya vichuma

Januari ya mwaka 2020 nilikuwa na harusi nne za Desemba ambazo sijazikabidhi. Kila asubuhi simu yangu ilianza na ujumbe wa bibi harusi mmoja wa Mbezi: "Kaka, video yetu imefikia wapi?" Ilikuwa imefikia asilimia 30, na ilikuwa hapo tangu juzi. Laptopu yangu ilikuwa na prosesa (ubongo wake) ya viini viwili na ram (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8. Siku za picha za HD ilinitosha, lakini tulipoanza kurekodi 4K, picha kali kuliko HD, kwa kamera mbili ikawa kila nikisogeza klipu inaganda, feni inalia kama mashine ya kusaga. Kutoa video moja ya saa mbili iwe faili kamili kulikula usiku mzima, na mara nyingine nikiamka nakuta imekwama njiani.

Nilikuwa nimeweka pembeni milioni mbili na laki tatu. Mke wangu alijua zipo, na alijua pia kwamba ni Januari.

"Watu wanalipa ada, mume wangu, wewe unataka kununua mashine."

"Ndiyo itakayolipa ada."

Hakujibu. Akaendelea kuchambua mchele.

Nikaanza na duka moja la mjini, Posta. Kompyuta ya mezani, kasha lenye kioo ubavuni na taa za rangi saba, milioni tatu na nusu. Kijana wa mauzo akaniambia ni ya "kazi nzito". Nikamuuliza pawa saplai yake, ile inayogawa umeme ndani, ni wati ngapi. Akasema ni nzuri. Nikamuuliza ya kampuni gani. Akasema ni original. Nikachungulia kwenye kioo: ram kipande kimoja, nafasi ya pili tupu. Vipande viwili vikikaa pamoja prosesa inachota data kwa njia mbili, kikiwa kimoja inachota kwa moja. Kitu cha elfu themanini hivi kimebaniwa kwenye mashine ya milioni tatu na nusu. Hapo ndipo niliposhika kichaa cha kuunda mwenyewe.

Kulikuwa na njia ya katikati, na mpaka leo kuna siku naiwaza: zile kompyuta za kazi za HP zinazokuja mtumba kutoka maofisi ya Ulaya, zenye prosesa za Xeon na kasha zito kama jiwe la kusagia. Kariakoo nilitajiwa laki tisa. Ila mtumba una masharti yake. Pawa saplai ya mashine zile ina umbo na plagi zake yenyewe. Ikifa, ya kawaida ya dukani haiingii. Nikaona bora nikose usingizi kwa kitu ambacho kila kipande chake kinauzwa peke yake.

Shemeji yangu ni mfanyabiashara wa mashuka, anakwenda Dubai kila baada ya miezi miwili. Nikamwandikia karatasi: prosesa ya Ryzen 5 3600, viini sita, kadi ya picha GTX 1660 Super yenye GB 6, kwa sababu mimi nahariri kwa DaVinci Resolve na programu ile hutegemea sana kadi ya picha, ubao mama wa B450 wa kuunganishia vipande vyote, ram mbili za GB 8, SSD (diski ya kasi), pawa saplai ya wati 550. Kasha na diski ya kuhifadhia nitanunua hapa hapa.

"Shem, mimi nabeba mashuka," akaniambia. "Hivi vichuma nitavieleza vipi pale uwanja wa ndege?"

"Waambie vipuri vya kompyuta."

Akavipata mtaa wa Khalid bin Al Waleed, Bur Dubai, ambako maduka ya kompyuta yamepangana kama vitenge Kariakoo. Ubao ule wa B450, akasema kwa fahari, muuzaji alimpunguzia bei. Ningeshtuka hapo.

Nikaunda Jumamosi, juu ya meza ya kulia, kwa bisibisi moja na simu yenye video ya kufuatisha. Kuikalisha prosesa ndiko kulikonitoa jasho. Ina pini 1,331 chini yake, nyembamba kama ndevu za kambamiti, na pembeni kuna alama ndogo ya pembetatu unayotakiwa kuilinganisha na ya kwenye ubao. Hairuhusiwi kusukuma, unaiachia tu, inazama yenyewe. Binti yangu wa miaka sita alinishikia taa na hakupumua.

Saa tatu usiku nikabonyeza kitufe. Feni zikazunguka zote. Kioo kikabaki cheusi.

Nikachomoa ram, nikarudisha. Nikabadili kebo. Nikaitoa kadi ya picha nikairudisha. Kiza kile kile. Saa saba usiku, nikisoma kwenye simu, ndipo nikaelewa kwa nini ubao ulikuwa wa bei rahisi. Bodi za B450 zilitoka kabla ya Ryzen za mfululizo wa 3000. Soketi, tundu la prosesa, ni ile ile, pini zinaingia bila taabu, lakini kama ubao umekaa stoo na BIOS (programu ya kuuamsha) ya zamani, haiitambui prosesa mpya. Maboksi ya bodi zilizokwisha kusasishwa yalibandikwa kikaratasi kinachosema ziko tayari kwa Ryzen 3000. Nikaenda kuliangalia boksi langu pande zote sita. Halikuwa nacho. Na ili usasishe BIOS ya ubao wa aina yangu, sharti uiwashe kwanza kwa prosesa ya zamani. Yaani ufunguo umo ndani ya nyumba na mlango umefungwa. AMD, watengenezaji wa Ryzen, walikuwa na utaratibu wa kuwaazima wateja prosesa ndogo kwa kazi hiyo. Mimi nilikuwa Tabata, saa saba usiku.

Jumatatu nikaubeba ubao kwenye mfuko wa shule wa binti yangu mpaka Kariakoo, kwa fundi mmoja ghorofani. Akautazama, akafungua droo, akatoa Ryzen ya kizazi cha kwanza iliyofungwa kwenye karatasi ya chapati.

"Elfu thelathini, mkuu."

Nikazitoa. Akaweka faili kwenye flashi, lakini kabla hajabonyeza akahakikisha waya umo kwenye UPS yake, betri ya kushikilia umeme ukikatika.

"Umeme ukikatika katikati ya hii," akasema, "ubao huu utaufanya sinia." Halafu, mstari ukitambaa kwenye kioo: "Nyumbani una UPS?"

"Mwezi ujao."

Akacheka. "Ungenunua iliyoundwa, saa hizi ungekuwa na mtu wa kumgombeza."

Usiku ule ikawaka. Sijui niieleze vipi ile hali ya kusogeza klipu ya 4K na picha ikakufuata mkono. Bibi harusi wa Mbezi aliingia ukumbini, akageuka, shela likapepea, na hakuna kilichoganda. Nikamwita mke wangu aje aone. Akasimama nyuma ya kiti changu, akatazama harusi ya watu kwa dakika kumi nzima, akaniwekea chai.

Saa nne na nusu nikaanza kuitoa video nzima. Mashine ilikadiria saa moja na dakika kumi, na ilikuwa mkweli. Laptopu ya zamani niliiweka pembeni inakili mafaili ya harusi nyingine kwenye diski ya nje. Asilimia 40. 60. 80. Kwenye 86 nyumba nzima ikazimika.

Nikachungulia dirishani. Kwa jirani taa zinawaka.

"Ile elfu thelathini ya LUKU," sauti ya mke wangu ikatoka chumbani, pole kabisa, "uliinunulia umeme?"

Gizani kitu kimoja tu kilikuwa kinawaka: laptopu, kwa betri yake, ikiendelea kunakili. Nikamwomba mke wangu anikopeshe elfu kumi kwenye simu yake, nikapokea tarakimu 20, nikatoka nje kwenye mita kwa tochi. Nikabonyeza kundi la kwanza, la pili, la tatu. La nne nikalikosea, nikaanza upya.