Trekta ya HP 35 itabeba mowa ipi?

Namba iliyobandikwa kwenye boneti ni nguvu ya injini ikiwa mpya, karibu na usawa wa bahari. Mowa, yaani mashine ya kukata nyasi, haina habari na namba hiyo. Inachojua ni nguvu inayoifikia kupitia shafti ya PTO, ile inayotoka nyuma ya trekta kuzungushia mashine, siku ile, kwenye shamba lile. Mwenye trekta ndogo asipofanya hesabu hii kabla ya kwenda kununua, ataifanya akiwa katikati ya shamba, injini ikitoa moshi mweusi.

Chukua Ol Kalou, Nyandarua, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa kinachoisukumia hewa zaidi) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 inazopanda, ukiziacha 300 za kwanza, kwa sababu hewa ni nyepesi. HP 35 zinabaki 28. Giaboksi inakula asilimia 15 hivi, kwa hiyo kwenye PTO unapata 24. Toa nne za trekta kujivuta yenyewe kwenye udongo laini. Za kukatia nyasi ni 20. Trekta hiyohiyo ukiishusha Kibaha, hesabu ileile inakupa karibu 26. Ndiyo maana ushauri wa mtu wa Pwani hauwezi kufuatwa jinsi ulivyo Nyandarua au Eldoret.

Slasha, mashine ya kufyekea vichaka na majani, tuiondoe kwanza. Ni nzuri kwa kusafisha shamba, lakini kwa nyasi za marobota inaharibu: inakatakata majani vipande vifupi ambavyo reki haivikusanyi na beila, mashine ya kufunga marobota, haivishiki, tena inapuliza vumbi ndani ya chakula cha ng'ombe.

Kwa HP 20 za kukatia, chaguo la kwanza ni mowa ya meno, ile yenye mkono mrefu unaolala chini upande wa kulia, na kisu cha vipande vya pembetatu kinachokwenda na kurudi ndani ya vidole vya chuma. Inakata kama mkasi, haipigi. Mita moja ya kisu kikali inaridhika na HP 2 au 3, hivyo mkono wa mita 1.8 ukiutengea HP 10 umebakiwa na akiba ya kutosha hata kwenye nyasi nzito za Boma Rhodes. Tena inalaza nyasi zikiwa zimetandazwa upana wote, na zinakauka sawasawa. Asiye na mashine ya kugeuza nyasi, hasa penye ukungu wa asubuhi, asilidharau jambo hilo.

Ubaya wake ni kwamba inadai fundi mvumilivu. Ikiziba kila hatua kumi, watu hulaumu trekta, wakati kosa liko kwenye marekebisho. Kagua haya: kisu kikifika mwisho wa mwendo wake, ncha ya kila pembetatu iwe katikati ya kidole, kulia na kushoto. Ikipita au kupungua, kisu kinatafuna badala ya kukata. Vishikizo vinavyokandamiza kisu viache nafasi ya nusu milimita tu. Vikilegea, majani yanajikunja na kuingia kati ya kisu na bamba la kidole. Vidole vyote viwe kwenye mstari mmoja. Vuta uzi kutoka cha kwanza hadi cha mwisho, kilichopinda kinyooshwe kwa nyundo. Kisha ncha ya nje ya mkono itangulie mbele kuliko shina kwa sentimita 2 kwa kila mita, maana nyasi zitausukuma nyuma wakati wa kazi. Pima ukiwa umeusukuma nyuma kwa mkono, ili ulegevu wote uishe. Usipofanya hivyo, mkono unapinda nyuma, kisu kinavutwa mshazari, na kichwa chake ndicho kinachovunjika.

Adui mwingine ni mafuko, wale wanyama wanaochimba chini ya ardhi. Mkono huu unakaa chini sana, na kila kilima cha udongo kinajaa mdomoni. Pita na jembe siku moja kabla, usawazishe vilima, uokote mawe. Kwa spea, vipande vya kisu karibu vyote vina upana wa inchi 3, sawa na vya kombaini nyingi. Kwa hiyo maeneo ya ngano kama Narok na Uasin Gishu vinapatikana; nenda na sampuli, kwa kuwa nafasi ya matundu ya ribiti hutofautiana.

Mowa ya dramu, yenye dramu zinazozunguka zikiwa na visu chini yake, ndiyo inayotamaniwa na wengi, na kwa haki: haizibi, inakata hata nyasi zilizolala, na haihitaji marekebisho mengi. Lakini inapiga nyasi kwa mwendo wa kasi, na kasi hiyo inalipiwa kwa nguvu. Ya mita 1.35 inataka HP 25 hadi 30 kwenye PTO, ya mita 1.65 inataka 35 hadi 40. Kwa HP 35 za boneti, ile ndogo inawezekana mabondeni na Pwani. Kwenye nyanda za juu utaitumia kwa gia ya chini na nyasi zisizo nzito. Ile ya 1.65 iache hata kama muuzaji anakupunguzia bei. Ya diski nne, yenye diski bapa zinazozunguka badala ya dramu, nayo iko kundi hilohilo, na ikigonga jiwe gharama yake ni kubwa zaidi.

Kosa la kawaida ni dereva kupunguza resi injini inapozidiwa. Dramu zikishuka chini ya kasi yake zinararua majani badala ya kuyakata, mzigo unaongezeka, mikanda inaanza kunuka. Shusha gia, resi iache palepale panapotoa mizunguko 540 ya PTO kwa dakika. Matrekta madogo mengi ya Kijapani yana PTO ya mwendo mbili au tatu. Hakikisha uko kwenye 540 na si juu yake. Mwendo wa shambani uwe kilomita 5 hadi 6 kwa saa: pima mita 100, zikuchukue sekunde 60 hadi 72. Kama trekta haina gia inayokupa mwendo huo kwenye resi ya 540, mowa ya dramu haitakufaa hata nguvu ikitosha.

Kuhusu visu, kimoja kikivunjika usibadilishe hicho peke yake. Badilisha vyote vya dramu hiyo, la sivyo itatikisika mpaka iharibu beringi.

Uzito nao ni hesabu kamili. Dramu ya 1.35 ina kilo 300 hivi, zote zikining'inia nyuma na kulia. Trekta ya kilo 1,200 ikiinua mzigo huo kwenye kona, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na usukani haushiki. Angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta ibaki mbele. Funga vyuma mbele, na ujaze maji tairi la nyuma la kushoto mpaka robo tatu. Soma pia uwezo wa mikono ya kuinulia: mara nyingi umepimwa sentimita 61 nyuma ya ncha za mikono, na mowa yako inaweza kukaa mbali zaidi ya hapo.

Matrekta ya zamani yenye klachi moja yana mtego wake. Ukikanyaga klachi, dramu zinazozunguka zinaendelea kusukuma trekta mbele kupitia giaboksi. Weka kwenye shafti klachi ya upande mmoja, inayofanya kazi kama gurudumu la nyuma la baiskeli: ukiacha pedali, gurudumu linaendelea peke yake.

Shafti yenyewe ikiwa ndefu mno, utakapoinua mowa itasukuma beringi za giaboksi mpaka zipasuke. Inua na ushushe mowa polepole injini ikiwa imezimwa, tafuta mahali shafti inapokuwa fupi kuliko pote, na hapo iache sentimita 2 au 3 za kuingia bado. Ikikosa, kata bomba la ndani na la nje kwa kipimo kimoja, pamoja na plastiki zake, piga tupa kingo, paka grisi. Inapokuwa ndefu kabisa, mabomba yaingiliane walau theluthi moja.